Dhahabu Inavyolika Ndani ya Simu

Ilemba iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya miteremko ya Ufipa. Ng'ambo ya ziwa hilo, katika machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Lakini mwanafunzi wa Ilemba hana haja ya kwenda huko ili aione. Na afungue simu ya mkononi: vile vipande vya manjano vya kadi vimepakwa dhahabu.

Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu, ila hewa huifunika kwa oksidi. Dhahabu haishiki kutu. Udhaifu wake ni ulaini. Chini ya hadubini, uso wake una vilima na mabonde. Vilele vichache tu ndivyo vinavyogusana, na hapo metali hunatana. Kadi ikivutwa, kilele hung'oka. Kwa hiyo dhahabu ya viungo vingi vya umeme huchanganywa na kobalti, pengine chini ya asilimia 1, ili iwe ngumu, na chini yake hutandazwa nikeli inayozuia shaba isipenye. Unene wa dhahabu yenyewe mara nyingi haufiki maikromita 1. Unywele una kama 70!

Mtikisiko wa safari, au joto la mchana na ubaridi wa usiku, husogeza viungo hivyo kwa maikromita chache, kwenda na kurudi. Dhahabu ikiisha, oksidi ya metali za chini hujaa penye mguso, na simu huikataa kadi. Mwenyewe huikwangua kwa wembe. Simu huitikia kwa muda, kwani oksidi imeondoka, pamoja na dhahabu iliyosalia. Kitambaa laini chenye spiriti kidogo kingetosha.