Mussolini na Uhabeshi: Maneno au Bunduki?

Msafiri ateremkaye Bonde la Ufa kwa njia ya zamani ya Naivasha huliona kanisa dogo sana kando ya barabara, karibu na Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliani, nao ndio waliofanya kazi ya kutengeneza barabara yenyewe. Wengi hupita wasiulize mateka hao walifikaje huko. Jibu lake ni habari ndefu, na ndani yake limo swali ambalo wakuu wa mataifa hawajalimaliza hata leo: mtawala wa mabavu akitamani nchi isiyo yake, je, azuiwe kwa maneno au kwa bunduki?

Mussolini alishika utawala wa Italia mwaka wa 1922. Eritrea ilikuwa mali ya Italia, na Somalia ya kusini vile vile. Katikati ilikuwako Uhabeshi, yaani Ethiopia, nchi iliyowashinda Waitaliani huko Adowa mwaka wa 1896. Fedheha hiyo haikusahauliwa. Mwezi wa Desemba 1934 askari wa pande mbili walipigana penye visima vya Walwal, na Mfalme Haile Selassie akafanya kama sheria ya mataifa ilivyoagiza: alipeleka shauri lake mbele ya Chama cha Mataifa kule Geneva. Mikutano ikafuata mikutano. Wakati huo huo meli zilizojaa askari wa Mussolini zilikuwa zikipita mfereji wa Suez, moja baada ya moja. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yakavuka mpaka bila hata kutangaza vita.

Chama cha Mataifa hakikunyamaza. Kilitamka wazi kwamba Italia ndiyo yenye kosa, na mataifa zaidi ya hamsini yakakubali kuizuilia biashara tangu tarehe 18 Novemba. Isiuziwe silaha, isikopeshwe fedha, bidhaa zake zisinunuliwe. Ikakatazwa pia kuuziwa mpira, bati, hata punda, nyumbu na ngamia. Lakini mafuta ya petroli hayakutajwa katika orodha. Mkulima yeyote aweza kuiona kasoro hiyo: jeshi liendalo kwa malori na eropleni lilinyimwa punda, likaachiwa petroli.

Hata hivyo si haki kuwacheka tu wajumbe wa Geneva. Marekani haikuwa mwanachama, na ingaliweza kuyauza mafuta ambayo wengine wangeyazuia. Mapatano ya mwaka wa 1888 yaliamuru kwamba mfereji wa Suez uwe wazi kwa meli za mataifa yote, wakati wa amani na wa vita. Zaidi ya hayo, Uingereza na Ufaransa zilimwogopa Hitler, wala hazikutaka kumsukuma Mussolini amwendee. Kwa hofu hiyo mawaziri wao wawili, Hoare na Laval, walishauriana kwa siri mwezi wa Desemba wampe Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi ili anyamaze. Siri ilitoka katika magazeti ya Paris. Watu wa Uingereza walikasirika mno, na Hoare akajiuzulu. Paul Schmidt, mkalimani wa Hitler, aliandika baadaye kwamba Mussolini mwenyewe alikiri mwaka wa 1938 kuwa kama mafuta yangezuiwa, angalilazimika kuondoka Uhabeshi kwa muda wa juma moja.

Hayakuzuiwa. Eropleni zake ziliwanyunyizia Wahabeshi hewa ya sumu, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya mwaka wa 1925 ya kuikataza. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936. Mwezi uliofuata Haile Selassie alisimama Geneva, akanena kwa Kiamhara mbele ya mataifa yaliyomwahidi msaada, huku waandishi wa magazeti wa Kiitaliani wakimpigia miluzi. Mwezi wa Julai mataifa yakaufuta ule uzuizi wa biashara. Wakimbizi wa Kihabeshi waliingia Kenya wakatiwa kambini Isiolo, na baadaye Taveta. Mwezi wa Februari 1937 watu maelfu waliuawa Addis Ababa katika siku chache tu. Na Mussolini, aliyebembelezwa ili asimwendee Hitler, alimwendea vivyo hivyo.

Vita vikafika Kenya. Italia ilijiunga navyo tarehe 10 Juni 1940, na mwezi wa Julai askari wa K.A.R. wakalazimika kuiacha Moyale usiku. Mwaka wa 1941 Jenerali Cunningham aliondoka Kenya na askari wa K.A.R., wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika Kusini. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, Harar mwezi wa Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Wahabeshi wenyewe, ambao hawakuacha kupigana milimani kwa miaka mitano yote, walimrudisha Mfalme wao mjini tarehe 5 Mei, siku ile ile mji ulipoanguka.

Basi bunduki zilifanya kwa miezi michache kazi iliyowashinda wajumbe kwa miaka. Lakini hesabu hiyo haijakamilika mpaka yatiwe ndani makaburi ya Keren na ya Gondar, na wale wana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland ambao hawakurudi makwao. Mwaka wa 1935 gharama ingalikuwa hasara ya biashara ya mafuta, na labda hatari ya vita. Mwaka wa 1941 vita vilikuwapo tayari, tena dunia nzima.

Mtawala mkuu wa Kiitaliani katika Uhabeshi, Duke wa Aosta, alijisalimisha Amba Alagi mwezi huo wa Mei. Aliletwa Kenya akiwa mateka, akafa kwa maradhi Nairobi mwezi wa Machi 1942. Kaburi lake liko Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Waitaliani, pamoja na mamia ya askari wake.