Fomula ya hesabu kwenye simu: kwa nini bado ni picha yenye ukungu?

Unafungua somo la hesabu kwenye simu, fomula inatokea kama picha. Ukiikuza, inafifia. Chanzo ni cha zamani: HTML ya mwanzo haikuwa na njia ya kuandika sehemu wala kipeuo, hivyo wengi waligeuza fomula kuwa picha na kuibandika.

Picha hiyo inakula bando na huwezi kuinakili. Kwa mwanafunzi asiyeona ni balaa zaidi: kama haikuwekewa maelezo, programu inayomsomea skrini kwa sauti haina cha kusoma.

Dawa ipo tangu 1998. Inaitwa MathML, lugha iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Yenyewe huandika fomula kama maandishi, ikionyesha kipi ni kiasi na kipi ni asili, hivyo inakuzika na kusomeka kwa sauti.

Firefox iliikubali mapema. Chrome iliijaribu 2013, ikaitoa punde, ikairudisha Januari 2023. Katikati hapo, majarida mengi ya sayansi yalitegemea MathJax, programu inayochora fomula ndani ya kivinjari.

Leo kisingizio kimekwisha. Anayeweka masomo mtandaoni aiandike fomula, asiibandike kama picha.