Manemane kwa Kidonda, Sindano kwa Mapafu

Wenye mashamba ya kando ya mto Tana hufika ofisini kwetu wakiuliza: je, manemane ni dawa ya mbuzi, au ni desturi tu ya wazee? Ni dawa. Lakini ina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo atapoteza mbuzi.

Tuanze na kidonda. Kila mfugaji wa Garissa anaujua mti wa mathenge, uliopandwa Bura miaka ya 1980 na ambao sasa umeziba njia nyingi za kwenda mtoni. Mwiba wake huingia katikati ya kwato, mahali hapo huvimba na kutunga usaha, na mbuzi hubaki nyuma ya wenzake akichechemea. Wazee wa Kisomali hupaka utomvu wa malmal, ndio manemane, au ule wa hagar, ambao pia huwapaka ngamia kuzuia kupe.

Harufu kali ya utomvu huo ni mafuta mepesi ya mti. Mafuta hayo huharibu ngozi nyembamba inayokizunguka kijidudu cha bakteria, mpaka yaliyomo ndani yakavuja. Vijidudu vingine vina ngozi ya pili kwa nje, navyo havidhuriki upesi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walijaribu utomvu wa mti wa jamii hiyo hiyo, unaotumiwa na Wamaasai wa Simanjiro, wakaona kwamba katika maabara ulizuia bakteria wa namna kadhaa. Chombo cha maabara, hata hivyo, si mbuzi.

Basi fanya hivi. Chomoa mwiba kwanza, maana kidonda chenye mwiba ndani hakiponi kwa dawa yoyote. Kioshe kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Loweka utomvu safi katika maji kidogo hadi yawe meupe kama maziwa, kisha paka. Mafuta ya chupani yasipakwe bila kuchanganywa na mafuta ya simsim, kwani huunguza. Usimnyweshe mbuzi. Mguu ukiwa bado umevimba baada ya siku 3, mwite afisa wa mifugo.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kwetu. Mbuzi wake 9 walikuwa wakikohoa, kamasi zikiwatoka, wakihema kwa shida. “Mwanangu,” akaniambia, “nimewapaka malmal kifuani na kuwafukizia ubani siku 4.” Ulikuwa ugonjwa wa sambab, homa ya mapafu ya mbuzi, ambao kijidudu chake kilitambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1976. Dawa ya kupaka haifiki mapafuni. Afisa alipofika, 5 walikuwa wamekufa. Kati ya 4 waliodungwa sindano, 3 walipona. Mama aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema, nami sikuwa na jibu.

Mbuzi akikohoa na kuhema hivyo, mtenge siku hiyo hiyo, toa habari kwa afisa wa mifugo, wala usimpeleke sokoni. Sindano zitolewe zote alizoagiza, hata kama mbuzi ameanza kula. Chanjo ya sambab hutengenezwa humu humu nchini. Iulizie kabla kikohozi hakijaingia zizini.