Mashine ya Mashua Isiyotia Betri Nguvu

Mvuvi wa Kizingitini au wa Shimoni aweza kuitumia mashine yake ya zamani mwezi mzima pasipo kujua ya kwamba imeacha kuitia betri nguvu. Mashine hulia vyema, mwendo ni ule ule, na petroli hutumika kwa kadiri ya siku zote. Kisha usiku mmoja wa kusi, yu nje ya mwamba, pampu ya kutoa maji ya ngama yaacha kuzunguka, taa zafifia kama utambi uliokosa mafuta, na redio ya kuitia msaada haisemi neno. Mashine yenyewe ingali ikienda, na hilo ndilo lililompoteza.

Maana katika nyingi za mashine hizi zitundikwazo tezini, hasa zile za kale zichanganyiwazo oili ndani ya petroli, cheche ya plagi haitoki katika betri. Juu ya mashine, chini ya kifuniko, liko gurudumu zito lizungushwalo kwa kamba ya kuwashia. Ndani ya gurudumu hilo mna sumaku, na chini yake zimepangwa koili za waya wa shaba. Gurudumu likizunguka, sumaku hupita karibu na koili na umeme huzaliwa. Koili moja hufanya kazi ya cheche, na nyingine hufanya kazi ya taa na betri. Ni kama ndugu wawili wakaao nyumba moja, kila mmoja na jiko lake: mmoja aweza kulala na njaa na mwenziwe asijue. Kwa hiyo mwenye mashua asipime uzima wa betri kwa mlio wa mashine.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama mashine hiyo iliundwa kutia betri nguvu au sivyo. Swali hili laonekana la kitoto, lakini lafaa kuulizwa kabla ya kutoa hata senti moja. Mashine nyingi ndogo za kuwashwa kwa kamba, zikiwamo baadhi ya Yamaha Enduro zinazotumika sana pwani yetu, zina koili ya taa tu. Umeme utokao humo ni wa kwenda na kurudi, yaani hugeuza upande wake mara nyingi katika kila sekunde. Waweza kuwasha taa, lakini hauwezi kuijaza betri, kwa kuwa betri hutaka umeme uendao upande mmoja. Kati ya koili na betri hapana budi kuwepo kifaa kidogo kiitwacho rektifaya, ambacho kazi yake ni kama ile ya vali ya gurudumu la baiskeli: hupisha upepo kuingia, wala haupishi kutoka. Mtu aungaye waya za koili ya taa moja kwa moja kwenye betri hapati nguvu yo yote. Betri hujimwaga ndani ya koili, na koili huungua. Rektifaya isipokuwapo, na inunuliwe iliyo ya mashine hiyo, na fyuzi itiwe katika waya uendao betrini.

Ikiwa rektifaya ipo na bado betri yafa, usikimbilie kufungua gurudumu. Anza na betri. Iache ipumzike saa kadhaa bila kutumika, kisha ipime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.6 au 12.7; ikionyesha 12.2 imebaki nusu tu, na ikishuka chini ya 12 haina kitu. Betri yenye vifuniko vya kufunguliwa yapimwa vizuri zaidi kwa kile kipimo cha bomba la kioo chenye boya ndani. Ikisha kujazwa, vyumba vyake vyote sita vyapasa kukaribiana, kama 1.265. Chumba kimoja kikibaki chini sana hali wenzake wamejaa, betri hiyo imekwisha, wala hakuna mashine iwezayo kuifufua. Maji yakipungua, ongeza maji safi yaliyotengenezwa kwa ajili ya betri, si ya kisima, na uangalie sana dukani usiuziwe tindikali. Sigara na kiberiti viwe mbali, maana betri inayotiwa nguvu hutoa hewa iwakayo kwa kishindo, na katika mashua mna mvuke wa petroli pia. Tindikali ikiingia machoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Pengine hakuna kilichoharibika ila hesabu. Tuchukue mashine ambayo koili yake hutoa ampea 6 ikiwa mbioni. Nyingi za kale hazizidi hapo, na zikienda polepole hutoa kidogo mno. Mvuvi ametia nanga, amezima mashine, na kwa muda wa saa 6 amewasha taa mbili za wati 24. Kila taa hula ampea 2, zote mbili ampea 4, na kwa saa 6 ametumia ampea-saa 24. Akirudi nyumbani kwa mbio saa nzima, mashine imerudisha 6 tu. Kila usiku betri yakopa 18, na baada ya siku chache haina cha kukopesha. Fundi aliyeitwa aweza kubadili kila kitu katika mashine hiyo na deni likabaki vile vile. Mvuvi huyo huyo akitumia taa mbili za LED za wati 6, atatumia ampea-saa 6 kwa usiku wote. Kubadili taa ni rahisi kuliko kununua koili.

Hesabu ikiwa sawa, tazama waya. Chumvi ya bahari hupenya kila mahali, na waya waweza kuwa mzuri kwa nje hali ndani ya mpira shaba imekuwa unga wa kijani. Fungua viungo vyote, kuanzia kwenye betri, fyuzi, na mahali waya mweusi ushikapo mwili wa mashine. Visugue mpaka ving'ae, vikaze kwa spana, kisha vipake grisi. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe haufai mashuani hata kidogo, ingawa wengi wetu tumeuona ukipita miaka.

Sasa washa mashine. Mashua iwe majini, imefungwa imara kwa kamba, au mashine itiwe katika pipa la maji. Ikiwashwa pakavu, mpira wa pampu ya kupoza huharibika kwa muda mfupi. Shati lisiloshikizwa, kikoi na mikono viwe mbali na gurudumu na rafadha. Zima taa zote, ongeza mwendo kiasi, na upime betri. Ikiwa ilikuwa 12.4 ikapanda polepole kuelekea 13.5 au 14, mashine yatenda kazi yake. Ikisimama pale pale, au ikishuka, hakuna kinachoingia. Hapo gusa mita upande mmoja kwenye ncha ya chanya ya betri, na upande wa pili kwenye waya mwekundu pale utokapo katika rektifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani, na kosa li katika waya au fyuzi. Isipokuwepo tofauti, shaka yote yaelekea rektifaya na koili.

Kati ya hizo mbili, rektifaya ndiyo ifaayo kushukiwa kwanza, maana ni rahisi kuuawa. Mtu akiunga betri kinyume, chanya mahali pa hasi, rektifaya hufa kwa kufumba na kufumbua. Kadhalika hufa mtu aondoapo waya wa betri, au azimapo swichi kuu, hali mashine inakwenda; umeme ukikosa pa kwenda hupanda kwa ghafula, na waweza kuunguza hata redio na taa. Katika Johnson na Evinrude nyingi, saa ya kuonyesha mizunguko ya mashine hupata habari zake kutoka kwenye mtambo huu wa kutia nguvu, hivyo saa hiyo ikisimama au kurukaruka, waweza kujua mapema ya kwamba kuna jambo. Rektifaya iliyo moto hali mashine imezimwa tangu zamani nayo yajishitaki yenyewe.

Kuipima si kazi kubwa. Tenga betri, kisha ondoa waya zote za rektifaya. Weka mita kwenye alama ya dayodi, na upime kati ya waya mwekundu na kila waya wa koili, halafu kati ya kila waya wa koili na mwili wa rektifaya. Kila mara umeme upite upande mmoja na, ukibadili ncha za mita, usipite. Ukipita pande zote mbili, au ukikataa pande zote mbili, rektifaya ni mbovu. Asiye na mita aweza kutumia betri ndogo ya volti 12 na taa ya wati 5 kwa njia hiyo hiyo: taa iwake upande mmoja, izimike upande wa pili. Katika Johnson na Evinrude waya za koili huwa za manjano, na manjano yenye mstari wa kijivu. Katika Mercury mara nyingi zote mbili ni za manjano. Katika Yamaha ni za kijani. Lakini mashine iliyopita mikononi mwa mafundi wengi haiaminiwi kwa rangi, bali kwa kufuata waya tangu mwanzo hadi mwisho.

Liko pia kosa la kinyume, nalo ni betri kupewa kupita kiasi. Mashine nyingi za kale hazina kifaa cha kuzuia umeme usizidi, na katika safari ndefu ya mbio volti zaweza kupita 15. Betri huchemka na maji hukauka. Kwa mashine za namna hiyo betri yenye vifuniko vya kuongezea maji ndiyo ifaayo; zile zilizofungwa kabisa, na zile za lithiamu, zitaharibika upesi.

Rektifaya ikiwa nzima, ndipo koili ipimwe. Kati ya waya zake mbili, zikiwa zimetengwa, mita ionyeshe kizuizi kidogo, kwa kawaida kama omu moja au pungufu, kwa kadiri ya kitabu cha mashine. Kati ya kila waya na mwili wa mashine isionyeshe njia yo yote. Utomvu wa rangi ya kahawia uliodondoka chini ya gurudumu ni dalili ya koili iliyoungua. Koili si ya kununuliwa kwa kubahatisha, maana vyombo vingine havipatikani tena kwa urahisi. Evinrude, jina lililokuwa sokoni tangu 1909, liliachwa kutengenezewa mashine mwaka 2020.

Gurudumu liondolewe kwa chombo chake cha kuvutia, si kwa nyundo, kwa kuwa sumaku zimegandishwa ndani na pigo moja laweza kuzibandua. Wakati wa kulirudisha, futa mhimili na tundu la gurudumu vikauke, bila grisi, kile kipande kidogo cha chuma kikae katika mfuo wake, na nati ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu. Gurudumu lililolegea hukikata kipande hicho, na hapo hata cheche, iliyokuwa nzima wakati wote huu, hutoka kwa wakati usio wake, na mashine haiwaki.