Mzazi, maji yakinuka petroli usiyachemshe

Kina mama wengi wa Rungwe wanaijua kanuni ya maji ya kunywa: chemsha, yaache yapoe, ndipo umpe mtoto. Kanuni hiyo inaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa petroli iliyoingia kisimani, haitoshi.

Mpuguso na vijiji vingine vya jirani na Tukuyu vina mvua nyingi na udongo wa volkano, na familia nyingi hutegemea chemchemi na visima. Malori ya mafuta yaendayo mpaka wa Kasumulu hupita Tukuyu. Sheli nazo huhifadhi mafuta kwenye matangi yaliyofukiwa, ambako kutu haionekani.

Mafuta yanavyofika kisimani

Tangi au bomba likitoboka, petroli hushuka taratibu kwenye udongo. Ikikuta maji ya ardhini huelea, kwa kuwa ni nyepesi. Lakini kemikali zake, hasa benzini, huyeyuka na kusafiri na maji hayo.

Benzini husababisha saratani ya damu na hudhoofisha uboho, unaotengeneza damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Maana yake, gramu moja tu inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho. Mtoto yuko hatarini zaidi, kwani hunywa maji mengi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake.

Jirani zetu wa Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, waliyaona haya mwaka 2015. Bomba la mafuta lilivuja, mto na visima vikachafuka, na wakazi wakaishia mahakamani.

Uchunguzi unavyofanywa

Wataalamu huanza na daftari la sheli: mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki. Hesabu isiyokaa sawa kila mara ni dalili ya kuvuja. Kisha huchoronga mashimo, huchukua udongo wa vina tofauti na kuchimba visima vidogo visivyopungua vitatu ili kujua maji yanaelekea wapi. Sampuli ya maji hujazwa pomoni kwenye chupa ya kioo, bila hewa, na kuwekwa kwenye baridi hadi maabara, maana benzini hupotea hewani upesi.

Ufanye nini nyumbani

Ukisikia harufu ya petroli, acha kuyanywa, kuyapikia na kumwogeshea mtoto. Usiyachemshe, kwani mvuke wake utaujaza jiko. Dawa ya klorini nayo haiondoi petroli.

Ukiona utando wa rangi juu ya maji, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande, huenda ni bakteria wa madini ya chuma. Ukirudi kuungana, shuku mafuta.

Usingoje harufu peke yake, kwani benzini hudhuru kwa kiwango ambacho pua haikisikii. Kama kisima chenu kiko chini ya mteremko wa sheli, ombeni kipimwe.

Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha RUWASA au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi Tukuyu. NEMC husimamia mazingira, na EWURA ndiyo inayotoa leseni za sheli. Pelekeni malalamiko kwa maandishi, mbaki na nakala.