Spika na Kiti Chake

Watoto wa shule hutuuliza mara nyingi: Kwa nini mkubwa wa Bunge aitwa Spika, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni msemaji, na hali yeye ndiye asemaye machache kuliko wote? Tena, kwa nini muswada wa sheria husomwa mara tatu? Maswali haya ni mazuri. Majibu yake yapo London, yapata miaka mia nne iliyopita. Na tuyafuate huko, kisha turudi nayo nyumbani.

Kwanza tukumbuke baraza tulijualo. Zamani zumbe alipokuwa na shauri zito, aliketi na wazee. Mmoja akasema, wengine wakanyamaza. Akimaliza, akasimama mwingine. Wahenga walinena: Penye wazee haliharibiki neno. Lakini kila mzee ajua hatari moja. Ikiwa shauri lamhusu yule mwenye kiti mwenyewe, nani atathubutu kusema kweli mbele yake? Ndilo jambo lililowapata Waingereza, na siku lilipowapata yajulikana: 4 Januari 1642.

Baraza kuu la Uingereza lilikuwa na nyumba mbili, moja ya Malodi, na ya pili ya wajumbe waliochaguliwa katika wilaya na miji. Hii ya pili ilikuwa na wajumbe wapatao mia tano. Walikutana Westminster, kando ya mto Thames, katika jengo lililokuwa kanisa hapo kale. Viti vyao vilielekeana kwa safu, upande huu na upande huu. Mwisho wa chumba palikuwa na kiti cha Spika. Mbele yake meza ya karani, na juu ya meza rungu la heshima, alama ya mamlaka ya Baraza.

Kazi ya siku ilianza asubuhi kwa sala. Wasipotimia wajumbe 40, shughuli haikufanyika. Kisha zikasomwa barua na maombi ya watu, ikafuata miswada. Nakala zilikuwa chache, nazo ziliandikwa kwa mkono. Kwa hiyo karani alisoma kwa sauti ili wote wasikie. Mara ya kwanza walisikia tu shauri ni nini. Mara ya pili walijadili kama lafaa, na likifaa likapelekwa kwa kamati lichunguzwe neno kwa neno. Mara ya tatu lilisomwa likiwa limekwisha kusahihishwa, nao wakalikubali au wakalikataa. Hivyo kusoma mara tatu kulikuwa kinga, sheria isipitishwe kwa haraka kabla watu hawajaifahamu.

Mjumbe aliyetaka kunena alisimama, akavua kofia, akamwelekezea Spika maneno yake. Hakumjibu mwenziwe uso kwa uso, wala hakumtaja kwa jina, ili mabishano yasigeuke ugomvi. Tena hakuruhusiwa kusema mara mbili juu ya muswada mmoja siku moja, ili wenye maneno mengi wasiwazibe midomo wenye maneno machache. Wakati wa kukata shauri walipaza sauti, hawa wakisema ndiyo, na hawa hapana. Ikiwa haikudhihirika walio wengi ni wapi, upande mmoja walitoka nje, wa pili wakabaki, wakahesabiwa. Hata jioni, giza likiingia, mishumaa haikuletwa mpaka Baraza likubali.

Shauri likiisha, nani alikwenda kumwambia mfalme? Ndiye Spika. Hii ndiyo asili ya jina lake. Alikuwa kinywa cha Baraza.

Mfalme wa siku hizo aliitwa Charles. Tangu 1629 hata 1640 alikuwa ametawala bila kuita Baraza. Hatimaye alihitaji fedha, akaliita. Wajumbe nao wakataka kwanza malalamiko ya nchi yasikizwe. Ugomvi ukazidi, hata mfalme akawashitaki wajumbe watano kwa uhaini: John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode.

Siku ile wajumbe walikutana asubuhi, wakaenda kula, wakarudi. Alasiri ikaletwa habari: Mfalme anakuja, na askari pamoja naye! Wale watano wakaondoka upesi, wakapanda mashua mtoni. Strode hakutaka kwenda, mpaka mwenziwe akamvuta kwa joho. Punde mfalme akaingia. Askari wake, mamia, walibaki nje, lakini mlango uliachwa wazi ili waonekane. Akamwomba Spika amwazime kiti chake kidogo, akasimama mbele yake, akauliza wale watano wako wapi. Kimya. Akamgeukia Spika.

Spika huyo, William Lenthall, hakuwa mtu wa vita, alikuwa mwanasheria. Alipiga magoti kwa heshima, akajibu kwamba mahali pale hakuwa na macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kama Baraza lilivyomwagiza. Mfalme akatazama safu kwa safu, akaona ndege wamekwisha kuruka, akatoka mikono mitupu. Nyuma yake wajumbe wakapiga kelele kudai haki yao. Siku chache baadaye mfalme aliuhama mji wa London, na mwaka ule ule vita vikaanza. Vilimalizikia kwa kuuawa kwake, Januari 1649.

Tusidhani kwamba Baraza lile lilikuwa la watu wote. Wanawake hawakuwamo, na maskini wengi hawakuwa na kura. Lakini jambo moja lilithibitika siku ile. Kiti ni cha Baraza, na akikaliaye hulitumikia Baraza.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1926 Waingereza walianzisha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mjini Dar es Salaam. Walileta desturi nyingi za Westminster: miswada kusomwa mara tatu, maswali, na maneno kuelekezwa kwa mwenye kiti. Lakini mwenye kiti alikuwa nani? Alikuwa Gavana mwenyewe, mwakilishi wa mfalme! Kile ambacho mfalme Charles alikiomba kwa dakika chache, Gavana alipewa kwa sheria, akakikalia miaka 27. Wajumbe wengi walikuwa maofisa wa serikali yake. Wajumbe wa kwanza wasio maofisa walikuwa saba, Wazungu watano na Waasia wawili. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Mkulima wa Handeni alilipa kodi, na mkata mkonge wa Korogwe alifungwa na sheria za kazi, na sheria zote hizo zilisomwa kwa Kiingereza, hali wao hawana msemaji ndani. Kusomwa mara tatu kwamfaa nini mtu asiyekuwapo hata mara moja?

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1945 waliingia Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali; nao waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Mwaka 1953 Gavana alikiacha kiti, akawekwa Spika. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe ulifanywa 1958 na 1959, na uhuru ukapatikana 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa kwanza Mwafrika. Hata majirani zetu wa Bonde walimtoa mmoja: Erasto Mang'enya, mwalimu na chifu, alikuwa Spika tangu 1973 hata 1975.

Nalo rungu la Westminster lilipata jina la kwetu. Katika Bunge la Tanzania huitwa siwa, jina la ile baragumu kubwa ya heshima waliyokuwa nayo watawala wa miji ya pwani. Spika aingiapo, siwa hutangulia.

Basi, wasikilizaji, mambo haya si ya Dodoma na London peke yake. Kila kijiji kina mkutano, na kila chama cha ushirika kina mwenyekiti. Siku hesabu zake mwenyewe zitakaposomwa, mtazameni. Je, ataendelea kukalia kiti na kuwanyamazisha wenye kuuliza, au atampisha mwingine mpaka shauri lake liishe? Akimpisha, mwenye swali atasimama bila hofu, na mkutano utasikia kweli ya fedha zake.