Mapigo, Volti na Hewa Nyepesi ya Igoma

Chipu ya michoro, yaani kipande cha silikoni kinachochora picha za gemu kwenye kioo cha kompyuta, hufanya kazi kwa mapigo, na katika kompyuta mpakato za miaka ya karibuni mapigo hayo hufika bilioni moja na nusu, pengine bilioni mbili, kwa kila sekunde. Kupandisha mapigo ni kuiamuru chipu ipige kwa kasi iliyozidi ile iliyopangiwa kiwandani, jambo linalowezekana kwa sababu chipu mbili zilizokatwa kwenye sahani moja ya silikoni hazilingani ubora, na mtengenezaji, ili asije akauza chipu dhaifu itakayoshindwa, huziwekea zote kiwango chenye akiba ya usalama. Vijana wengi wanaocheza magemu huitamani akiba hiyo. Hata hivyo, kwa anayeishi Igoma, kata iliyo mashariki ya jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Musoma, swali la kuanza nalo ni joto litakwenda wapi.

Umeme unaoliwa na chipu, ambao karibu wote hugeuka joto, hufuata kanuni moja rahisi: hukua sawasawa na idadi ya mapigo, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volti, yaani volti ikizidishwa kwa yenyewe. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 10, na volti nayo ikalazimika kupanda kwa asilimia 10 ili transista ziweze kuyafuata, matumizi ya umeme hupanda kwa asilimia 33. Faida inayopatikana kwa gharama hiyo ni ndogo, kwani gemu iliyokuwa ikionyesha picha 60 kwa sekunde haiwezi kupita picha 66, hata kama hakuna sehemu nyingine ya kompyuta inayoichelewesha.

Joto hilo hutolewa na feni, na hapa jiografia ya Kanda ya Ziwa inaingia moja kwa moja. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 12 hivi ikilinganishwa na ya pwani. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma lita zilezile za hewa Igoma na Dar es Salaam, lakini kila lita ya Igoma ina hewa kidogo zaidi, kwa hiyo hubeba joto kidogo zaidi. Haki ya Mwanza nayo isemwe: usiku wake hupoa kuliko usiku wa pwani, na kwa kuwa kila nyuzi moja inayopungua chumbani hupunguza takriban nyuzi moja kwenye chipu, anayecheza usiku, dirisha likiwa wazi, hurudishiwa sehemu ya kile alichonyimwa na mwinuko.

Ndani ya kompyuta, joto husafirishwa na mrija wa shaba wenye maji kidogo yaliyofungiwa ndani pasipo hewa. Maji hugeuka mvuke upande wa chipu, mvuke hukimbilia upande wa feni, hupoa, kisha maji hurudi kwa kunyonywa na utambi wa ndani. Mrija huo, kwa kuwa umezibwa, haujali mwinuko. Udhaifu uko mwishoni mwake, kwenye vibati vyembamba vilivyopangana kama matamvua ya sangara. Fundi anapofungua kompyuta iliyotumika miaka miwili kando ya barabara yenye vumbi, mara nyingi hukuta kati ya feni na vibati hivyo blanketi la kijivu la vumbi na nyuzi za nguo, na karibu na ziwa hata mabawa ya wadudu, limeshikana kiasi cha kubanduliwa likiwa kipande kimoja. Kupandisha mapigo ya chipu iliyozibwa hivyo ni kazi bure, maana ikifika nyuzi 80 na ushee, chipu hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Kompyuta mpakato ina mpaka mwingine usioonekana kwenye jina la chipu. RTX 3060 ya kompyuta ya mezani hupewa wati 170, ilhali ya mpakato, yenye jina hilohilo, hupangiwa kati ya wati 60 na 115 kwa uamuzi wa aliyeunda kompyuta. Mpaka wa wati ukishafikiwa, mapigo ya ziada hayana umeme wa kuyaendesha.

Ndiyo maana njia yenye tija zaidi katika mazingira ya ziwani ni kushusha volti huku mapigo yakibaki palepale. Chipu inayopiga mara bilioni 1.8 kwa volti 0.95, ikikubali kupiga vivyo hivyo kwa volti 0.85, hupunguza umeme na joto kwa takriban asilimia 20, na nafasi iliyopatikana huiwezesha kudumisha kasi yake saa nzima badala ya dakika tano za mwanzo. Volti hushushwa kidogo kidogo, na kila hatua hujaribiwa kwa gemu nzito kwa muda wa kutosha. Ikishushwa kupita kiasi, madoa ya rangi hutawanyika kwenye kioo au gemu hujifunga ghafla, na hapo mtumiaji hurudi hatua moja nyuma.